Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu Carouge

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitawachosha na faranga. Chama hakidaiwi, ingawa ada zimeingia kwa kusuasua na wahusika mnajijua.

Mwaka huu tulikubaliana kuufahamu mji tunaoishi. Wengi wetu tuko Carouge, hapa Uswisi, miaka nenda rudi, tunavuka Mto Arve kwenda kazini Geneva na kurudi, wala hatujajiuliza kwa nini nyumba za mji mkongwe ni fupi na mitaa yake imenyooka hivi. Matembezi ya Mei yalitujibu. Huku kulikuwa milki ya mfalme wa Sardinia, wa ukoo wa Savoy. Mkataba wa Turin wa 1754 ulichora mpaka kati yake na Geneva, na mwaka 1786 Mfalme Victor-Amédée III akaipa Carouge hadhi ya mji. Alitaka mji wa kushindana na Geneva, tena mlangoni pake. Mji bila watu ni kuta tu, basi akawakaribisha Wakatoliki, Waprotestanti na hata Wayahudi, ambao Geneva ya enzi hizo haikuwapa makazi. Watu wa Geneva nao, waliobanwa na sheria kali za dini kwao, wakawa wanavuka kuja kunywa na kucheza. Mwaka 1816 mkataba mwingine wa Turin ukaikabidhi Carouge kwa Geneva, na mwaka 1862 tramu ya farasi ikaunganisha pande hizo mbili. Njia yenyewe ndiyo hii ya namba 12 tunayopanda kila siku.

Desemba tulifanya Escalade ya watoto. Sherehe hiyo hukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1602, Geneva ilipolirudisha nyuma jeshi la Savoy lililopanda kuta kwa ngazi. Ukoo uliopigwa usiku ule ndio uliokuja kuijenga Carouge, lakini supu ya sherehe huliwa huku kama kule, na mimi sina neno. Kwa desturi, mkubwa na mdogo kuliko wote huvunja pamoja chungu cha chokoleti. Kwetu walikuwa bibi wa Bujumbura na kitoto kisichomaliza kuota meno. Wakapiga ngumi mara ya kwanza, ya pili, chungu kimya. Ikabidi mwiko wa ugali uletwe kutoka jikoni.

Sasa lile linaloniuma. Tangu 2005, mgeni aliyeishi Uswisi kihalali miaka 8 anapiga kura ya manispaa katika jimbo la Geneva. Kugombea hawezi, kuchagua anaweza. Machi 2025 baraza la manispaa lilichaguliwa, na bahasha kadhaa za kura za wanachama wetu ziliishia kapuni pamoja na matangazo ya maduka. Wengine walituma kadi ya kura bila saini wala tarehe ya kuzaliwa, na kadi ya namna hiyo haihesabiwi. Halafu kodi ya ukumbi ikipanda, lawama zote kwa kamati!

Kuanzia sasa, kila bahasha za kura zikifika, Jumamosi inayofuata katibu atakaa hapa ukumbini kuanzia saa nne asubuhi. Njooni nazo zikiwa hazijafunguliwa. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kama kawaida, ila tunahitaji mwalimu wa pili.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, na wapishi zaidi. Uchaguzi wa kamati mpya utaanza baada ya chai. Asiyelipa ada atakunywa chai tu.