Filta haina wadudu, sawa, lakini imepimwa na damu?

Mhariri, habari za kazi.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya vifaa tiba ya juma lililopita, ile iliyosema mgonjwa akikuta pakiti haijafunguliwa na ina alama ya kutakaswa basi asiwe na wasiwasi, kifaa ni salama. Mi ni mtu wa maabara, nimewatoa watu damu miaka kumi na tisa sasa, na hiyo sentensi nimeisoma mara mbili nikaliweka gazeti chini. Kutakaswa maana yake wadudu wamekufa, basi, hapo ndo inapoishia. Haikuambii damu ikigusana na hiyo plastiki itafanya nini.

Na damu ni kiumbe cha ajabu, inajua kwao ni ndani ya mshipa tu, ikigusa kitu kingine chochote inaanza fujo, chembe sahani, zile ndogondogo za kugandisha damu, zinanata, kuganda kunaanza, kinga ya mwili inaamka, chembe nyekundu nyingine zinapasuka. Sie wa maabara tunaliona hilo kila siku, ile chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ndani ya kuzuia kuganda na bado usipoipinduapindua mapema unakuta bonge, unarudi kwa mgonjwa kumchoma tena anakuangalia kama mwizi.

Kuna jamaa mmoja Marekani, John Hageman, mfanyakazi wa reli, miaka ya 1950 damu yake iliwekwa kwenye chupa ya kioo ikachelewa mno kuganda, na yeye mwenyewe hakuwa na historia ya kutokwa damu hovyo. Kumbe alikosa protini moja tu, ile inayostuliwa damu ikigusa kioo, leo tunaiita faktori ya 12. Na bado alikufa 1968 kwa bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu. Nawatajia huyu ili mwone kwamba damu kugusa kitu kigeni ni habari yake peke yake, sio ile ya kukatwa kisu.

Sasa vipimo vyenyewe vipo, wala sio siri. Kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 10993-4, toleo la 2017, kinahusu kifaa chochote kitakachokutana na damu, iwe kanula, filta ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, vali ya moyo au stenti, kale kabomba ka kupanulia mshipa. Wanaangalia je chembe nyekundu zinapasuka, je inaganda, chembe sahani zimebaki ngapi, kinga imestuka kiasi gani. Kile cha kupasuka ndo rahisi kueleza kwa mtu wa kawaida. Unachukua damu, mara nyingi ya sungura, unaizimua, unaweka na kipande cha kifaa au maji yaliyolowekwa kifaa, unaacha kwenye joto la nyuzi 37 masaa matatu au zaidi, halafu unazungusha kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi. Ukiitoa, chembe zimekaa chini, unaangalia yale maji ya juu. Yakiwa hayana rangi una raha, yakiwa mekundu kama juisi ya rozela ujue chembe zimepasuka zimemwaga himoglobini, ile protini nyekundu ya ndani yake. Wanapima ule wekundu kwa mashine kujua himoglobini iliyomwagika ni asilimia ngapi ya yote, ikiwa chini ya asilimia 2 kifaa kinapita, 2 mpaka 5 ni kidogo kuna shida, juu ya 5 kifaa hicho ni mharibifu.

Cha kuganda kinanivutia zaidi. Unachukua mrija, unautia damu ya mtu iliyotoka mwilini muda huohuo, sio ya kwenye friji, unaukunja uwe duara unaunganisha ncha, unauzungusha taratibu kwenye joto la mwili ili damu itembee kama iko safarini. Njia hii ilianza 1958, inaitwa kwa jina la Chandler aliyeibuni. Mwisho unafungua, unapima uzito wa bonge kama lipo, unahesabu chembe sahani za kabla na baada, zikipungua sana ujue zimebaki zimenata ukutani. Na anayetoa damu ya kipimo hiki asiwe amemeza aspirini siku kama kumi nyuma, maana aspirini ikishaishika chembe sahani haiiachii mpaka chembe yenyewe ife, utapata majibu mazuri ya uongo.

Kwa nini nahangaika na haya. Bamdogo wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne. Hospitali siitaji. Mwaka jana siku moja kafika kama kawaida, sista kamuunganisha, haijafika hata robo saa mzee anaanza kulalamika mgongo, kifua kinabana, mwili unawasha. Mi nilikuwa nimekaa pembeni na simu yangu. Nikaangalia filta, nikaona sio ile tuliyoizoea, rangi ya mfuniko tofauti, kampuni tofauti. Sista kwa kweli alikuwa mwepesi, akazima mashine, dawa zikaingia, mzee akatulia. Wakamalizia na filta ya zamani, ilibaki moja kabatini, mzee hakuwashwa hata kidogo. Ile nyingine ikatupwa kwenye ndoo nyekundu. Nikauliza mmeandika mahali, nikaambiwa "mambo ya kawaida hayo, mwili unazoea". Hakuna karatasi. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana utaratibu kabisa wa kuripoti madhara ya vifaa tiba lakini utaripoti nini wakati ushahidi umeshakwenda kuchomwa.

Na sio mambo ya kawaida. Filta za zamani za selulosi zilijulikana kwa hilo, dakika kumi na tano za kwanza chembe nyeupe za damu zinashuka ghafla kwa sababu kinga imeona ule utando wa ndani ya filta ni adui. Wazungu waliligundua hilo wakabadilisha malighafi. Kwa hiyo mtu akiniambia filta zote ni sawa ili mradi pakiti imefungwa, namshangaa.

Mnataka mfano mkubwa, angalieni 2001. Wagonjwa wa figo walikufa Hispania mwezi wa nane, Kroatia mwezi wa kumi wakafa 23, na nchi nyingine, jumla zaidi ya 50. Filta zilikuwa za kampuni ya Baxter, zimetengenezwa kiwanda chao cha Sweden. Pakiti zimefungwa vizuri, mdudu hakuna. Tatizo lilikuwa kimiminika kilichotumika kiwandani kukagua filta zinazovuja, kikabaki kidogo ndani, kikiingia kwenye damu ya moto kinageuka gesi na kuziba mishipa midogo ya mapafu. Ndo mjue alama ya kutakaswa inasema ukweli wake na bado mtu anakufa.

Hata mfuko wa damu wenyewe. Damu Salama, wale wa benki ya damu, wanapima UKIMWI, homa ya ini, kaswende, sawa kabisa, lakini ule mfuko wa plastiki ya PVC una kilainishi, dawa ya kuifanya plastiki iwe laini, kinachovuja taratibu kuingia kwenye damu siku zote inazokaa kwenye friji. Cha kuchekesha hicho kilainishi kinasaidia chembe nyekundu zisipasuke haraka, ndo maana kukiondoa kumekuwa kazi ngumu. Lakini hilo limejulikana kwa sababu kuna watu walikaa wakapima.

Jingine nalirusha tu, mimi sio profesa. Kwetu inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, chembe zao zinapasuka kirahisi kuliko za mtu wa kawaida, na sie tunategemea vipimo vya damu ya sungura. Vyuo vyetu vya afya vina maabara na vijana wenye akili, kuzungusha mrija wenye damu ya kwetu sio roketi.

Ombi langu kwa wenye kamati za manunuzi, mkikaa na zile karatasi za tenda msiishie kwenye bei na cheti cha kutakaswa, ombeni ripoti ya kipimo cha damu, muulize ilitumika damu ya nani, matokeo asilimia ngapi. Muuzaji wa kweli anayo. Na hospitali ikibadilisha aina ya filta imwambie mgonjwa kabla hajalala kitandani, na ikitokea shida filta isitupwe. Na nyie gazeti mrekebishe ile sentensi.

Bamdogo siku hizi hasubiri mtu. Akifika anamwambia sista lete boksi kwanza, anapiga picha jina la kampuni na namba ya loti kwa simu yake ya batani yenye kamera mbovu, picha hazisomeki vizuri, mi ndo nakaa namsaidia kuandika kwenye daftari. Tumeshafika ukurasa wa sita.

Msomaji wenu, mtu wa maabara
Dar es Salaam