Mhusika na afe kwa dadu, arudi kwa ridhaa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu aliyependekeza katika ukurasa huu kwamba kila kikundi kinachocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani (kila mchezaji hujitungia mhusika, na dadu huamua yanayompata) kiwe na kanuni moja ya ndani: mhusika asife mpaka mchezaji wake aridhie. Naelewa kilichomsukuma, kwa sababu mtu aliyemlea mhusika wake kwa muda mrefu, akamtungia ukoo, viapo na mahasimu, hawezi kufurahi kumwona akimalizwa na mshale wa kibwengo asiye hata na jina. Hata hivyo, naona ridhaa hiyo ameiweka mahali pasipo pake, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nitachukua mfano wa Dungeons & Dragons, mchezo ulioifungua fani hii mwaka 1974. Katika kanuni zile za mwanzo, pointi za uhai zikiisha mhusika amekufa, basi. Toleo la mwaka 2000 lilimruhusu aliyeanguka avuje damu taratibu hadi afike 10 chini ya sifuri. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, dadu imo mkononi mwa mchezaji mwenyewe: kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20, akipata 10 au zaidi amefaulu, akipata pungufu ameshindwa, akifaulu mara 3 hali yake inatulia, akishindwa mara 3 amekufa, 1 huhesabiwa kuwa kushindwa mara mbili, na 20 humwinua papo hapo akiwa na pointi moja. Kifo, basi, kimekuwa kikisogezwa mbali toleo baada ya toleo, na anayelalamika leo kwamba wahusika wanakufa ovyo amechelewa kulalamika.

Ninachokiona mezani ni kinyume chake. Shujaa anapigwa anaanguka, kuhani aliye mbali anamtupia neno moja la uponyaji, shujaa anainuka na pointi 4, anapiga upanga kana kwamba hakuna lililotokea, kisha anaanguka tena, na mchezo huo wa kuanguka na kuinuka unaendelea mpaka adui achoke. Dawa yake ninayoipenda kuliko zote ni ile ya uchovu: kila anayeinuka kutoka sifuri anabeba daraja moja la uchovu. Katika toleo hilo la 2014 madaraja ni 6. La kwanza linamtatiza katika majaribio ya uwezo, la tatu linamharibia mashambulizi na kinga, la tano linamzuia kabisa kusogea, na la sita linamuua, ilhali mapumziko marefu (kama usingizi wa usiku) huondoa daraja moja tu. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba mchezaji anakiona kifo kikija kutoka mbali na ana muda wa kuamua kukimbia, jambo ambalo wachezaji wengi (tuseme ukweli) hawalikumbuki kamwe.

Zipo pia kanuni za kuwapunguzia wageni ukali, nami siziiti anasa. Mchawi wa ngazi ya kwanza (ngazi ni kipimo cha ukomavu wa mhusika) huanza na pointi 7 au 8 hivi. Kwa mujibu wa kitabu, madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na jumla ya pointi zake au kuzidi, anakufa palepale bila kurusha dadu yoyote, hivyo mwenye pointi 7 anamalizwa na pigo moja la 14, na rungu la zimwi linafika hapo bila shida. Kikundi kinachoifuta kanuni hiyo katika ngazi mbili za mwanzo kinafanya vyema. Kwa watoto wadogo, kifo kinaweza kuondolewa kabisa, wala sina la kuongeza hapo.

Nisichokubali ni msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuwachezea maadui, kurusha dadu nyuma ya pazia la kadibodi, akaona 19, akatangaza 9. Anaokoa mhusika mmoja kwa siku moja, lakini wachezaji si wajinga. Wakishatambua kwamba wanabebwa, hata ushindi walioupata kwa haki wanaanza kuutilia shaka. Ikiwa kikundi hakitaki vifo, kiseme hivyo kabla kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, haijaanza, kiandike, na pigo la mwisho liwe kutekwa, kupoteza mkono au kudaiwa na mizimu. Likishaandikwa, dadu za msimamizi zirushwe hadharani.

Sasa nije kwenye ridhaa. Katika toleo hilohilo, kuhani wa ngazi ya 5 anaweza kumfufua aliyekufa ndani ya dakika moja kwa almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu. Wa ngazi ya 9 anamrudisha aliyekufa hadi siku 10, kwa almasi ya 500, naye aliyerudi hupunguziwa 4 katika kila jaribio, adhabu inayoisha pointi moja kwa kila mapumziko marefu. Almasi hizo hutoweka. Kwa hiyo kuanzia ngazi ya 5 swali la kifo linakuwa swali la almasi, na msimamizi anayetaka kifo kiwe na uzito hahitaji kugusa dadu hata kidogo. Inatosha almasi ziwe adimu. Muhimu zaidi, kitabu kinataka roho ya marehemu iwe tayari kurejea. Hapo ndipo mchezaji anapaswa kuulizwa, kwa utulivu, pembeni, vita vikiwa vimekwisha, naye ana haki ya kusema hapana hata kama wenzake wameshanunua almasi.

Nimalizie na jambo ambalo mwenzangu hakuligusa, nalo ndilo huzua ugomvi mkubwa: mali ya marehemu. Kila mchezaji aandike wosia nyuma ya karatasi ya mhusika wake, aseme upanga unakwenda kwa nani na dhahabu inagawanywaje, na wosia huo usimtaje mhusika atakayemtunga baadaye, kwa kuwa hajazaliwa.

Wako,
Msimamizi wa mchezo