Maandamano yaende ofisini, si kwenye lango la nyumba

Mhariri,

Tangu Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopingwa na nyumba za baadhi ya wabunge zikavamiwa, mabishano hayajaisha: kwenda nyumbani kwa kiongozi ni haki ya raia au ni vitisho?

Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma. Hakikusema mitaa ya makaazi haipitiki. Kwa hivyo askari anayewaambia watu kuwa Nyali au Kizingo ni marufuku kuandamana, anakosea. Lakini kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na Kanuni ya Adhabu inahesabu vitisho kuwa kosa la jinai.

Kwangu mimi mpaka uko baina ya kupita na kuzingira. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Frisby v. Schultz iliyotoka mji wa Brookfield, iliukata mpaka papo hapo: kuandamana kupitia mtaa mzima kuliachwa, kusimama mbele ya nyumba moja mahsusi kukaruhusiwa kupigwa marufuku. Uamuzi huo hautufungi sisi, ila hoja yake ni nzito. Aliye nyumbani kwake hana pengine pa kwenda ili asisikie.

Tazama kichochoro cha Kibokoni, ambapo mikokoteni miwili haipishani. Watu arobaini wakisimama pale, hata wakiwa kimya, mtoto wa madrasa hapiti, mkokoteni wa maji hauingii, mgonjwa hatoki. Hakuna tusi lililotamkwa wala jiwe lililorushwa, na bado nyumba nzima imefungiwa ndani, pamoja na majirani ambao hawakupitisha mswada wowote. Kwenye fleti ni vivyo hivyo: soja anafunga geti moja linalotumiwa na wapangaji wote. Na anayepiga picha geti hilo, nambari ya gari na sare ya shule ya watoto, kisha akazisambaza kwenye WhatsApp, ametisha hata kama yeye mwenyewe amesharudi kwake kulala.

Umati mara nyingi hufika langoni kwa sababu njia haikupangwa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi (OCS) apewe arifa ya maandishi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, yenye jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia, na shughuli yote iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni arifa, si ombi la kibali. Ukiandika "naomba ruhusa" umempa afisa nafasi ya kukunyima. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Na njia iandikwe barabara kwa barabara: Makadara, Digo Road, Nkrumah Road, Treasury Square. Wakiandika "katikati ya mji" tu, mtu mmoja akipaza sauti "twendeni kwake!" hakuna wa kuwazuia. Wawepo wasimamizi wenye fulana za rangi moja, mbele na nyuma, wanaoijua njia hiyo kwa moyo.

Malalamiko yenyewe yafike yakiwa yameandikwa na kutiwa sahihi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu raia kuyapeleka kwenye bunge la kaunti. Yakienda Bunge la taifa, yaeleze hatua zilizokwishachukuliwa na kama suala liko mahakamani. Wengi husahau sehemu hiyo.

Hata hivyo, waheshimiwa wasijifiche nyuma ya hoja hii. Raia akikuta kufuli ofisini kila aendapo na simu haishikwi, ataitafuta nyumba. Spika wa bunge la kaunti awatake wawakilishi wote wa wadi wabandike mlangoni siku na saa za kupokea watu, na awepo karani mwenye muhuri wa kupokelea barua, hata siku ambayo mheshimiwa hayupo.

Mkaazi wa Tudor,
Mombasa