Barua ya wazi kwa wahandisi vijana wa Tanga

Wanangu,

Neno hili limenikaa kooni tangu mvua za masika, na kwa kuwa nimeshindwa kulimeza, naona heri niliseme hadharani. Siku ile mtambo wa kijiko ulipokuwa ukichimba mfereji Ngamiani ulikata bomba kuu la maji, na maji yakaingia vyumbani mwa watu. Niliwakuta watatu kati yenu mmesimama kwenye tope, suruali mmezikunja hadi magotini, mkiulizana koki ya kufungia iko wapi. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye unga wake wote ulikuwa umelowa, aliniuliza kama kweli hao ndio mainjinia. Sikumjibu.

Mahali pa koki ile palikwisha kuandikwa. Zamani, wengi wenu hamjazaliwa, tawi la chama chetu cha wahandisi lilikuwa na vikao vya jioni, na katika kimojawapo alialikwa fundi mzee wa mabomba asiye na cheti hata kimoja. Tulibishana sana kabla ya kumwalika, maana walikuwepo waheshimiwa walioona kwamba kikao cha wahandisi si baraza la mafundi. Akaja, kofia mkononi, akachora ubaoni mabomba ya Ngamiani barabara kwa barabara, akitaja kila koki kwa idadi ya hatua kutoka kwenye mwembe fulani au kona ya msikiti, na katibu akanakili yote katika daftari la jalada la kijani. Katibu huyo nilikuwa mimi. Mwembe umekwisha kukatwa, lakini msikiti upo, na mtu mwenye daftari lile angeifikia koki kabla unga wa yule mama haujalowa.

Daftari halipo. Nilipostaafu nilikabidhi sanduku la kumbukumbu bila orodha, na hilo ni kosa langu. Tangu hapo sanduku lilihama na kila mwenyekiti mpya, mpaka likaishia katika stoo moja nisiyoitaja, mchwa wakalipata, na yaliyobaki yakatupwa siku stoo ilipopakwa rangi. Wahenga walisema Tanga ni waja leo, kuondoka majaaliwa. Mhandisi wa siku hizi huja leo na uhamisho wake mfukoni, atamkabidhi nani?

Ninyi historia ya tawi mnaijua kwa picha za viongozi na mwaka uliochapwa kwenye fulana. Sisi tuliisikia kwa watu wa reli, waliotueleza kwa nini njia iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, kilomita 129 tu, mwaka 1905: fedha za kampuni ziliisha njia ikiwa imefika Muheza, na serikali ya Wajerumani ikaichukua mwaka 1899. Watu wa umeme nao walitufundisha kuutazama mto Pangani wote kwa pamoja, kwa kuwa maji yanayozungusha mitambo ya Hale, megawati 21 tangu 1964, ndiyo hayohayo yanayoshuka hadi mitambo ya megawati 68 iliyoanza kazi chini yake mwaka 1995, na anayeyazuia huko juu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu ameigusa mitambo yote miwili. Mambo haya hayakuwa ya kujipatia alama za mafunzo anazodaiwa mhandisi siku hizi. Mtu alitoka kazini na mafuta mikononi, akakaa, akasikiliza.

Wala lawama si yenu peke yenu. Nchi hii humpigia makofi anayekata utepe, na bajeti ya turubai na spika za sherehe hupatikana daima, lakini ukiomba fedha ya kabati la kutunzia ramani utaambiwa usubiri mwaka ujao.

Mengine mnayajua: lipeni ada, msiazimishe mihuri yenu, msitie saini mchoro ambao hamjaenda kuona eneo lake, na fundi akiwaambia udongo wa mahali fulani ni mbaya, mwamini kwanza kisha upime.

Nyumbani kwangu Chumbageni yamebaki madaftari mawili ambayo sikuyatia sandukuni kwa uchoyo wangu tu, na leo naushukuru uchoyo huo. Michoro ya Ngamiani haimo, ila sehemu yake ningali naikumbuka. Njooni baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, mkiwa na karatasi kubwa na kalamu, na mmoja wenu apitie dukani anunue dawa ya mchwa.