Shukrani kwa baba wa stendi ya Moshi

Baba uliyenikuta stendi ya Moshi nikichora, shikamoo popote ulipo. Picha zangu zote zilikuwa na kasoro moja: Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, katikati kabisa, watu wamebanana chini. Ulikaa, ukakata dirisha dogo kwenye boksi la biskuti, ukaniambia nichungulie humo kwanza. Kisha ukanichorea visanduku sita, kila kimoja kama kiberiti, nijaze mandhari ileile kwa namna sita, kwa nyeupe, kijivu na nyeusi tu. Gari lako likaondoka ukiwa bado unanielekeza!

Juzi nimemaliza picha niliyoibuni mwenyewe: Kibo pembeni, kilele kingine cha Mawenzi kulia, mama muuza ndizi mbele, mkungu wake ukikata anga. Asante sana, baba. Wachoraji wenzangu, mkimkuta kijana anahangaika na karatasi, ketini naye hata dakika 10.