Risala ya Wauguzi wa Kitengo cha Endoskopi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mfawidhi, madaktari walimu wetu, wauguzi wenzetu,

Karibu sana. Utusamehe kutukuta na aproni mbichi, mazoezi yameisha sasa hivi.

Kwa siku tano tumejifunza kupitisha mpira wa kulishia hadi utumbo mwembamba kwa kutumia kamera ya endoskopi, yaani bomba refu linalopindika, lenye kamera kwenye ncha na njia ya kupitishia vifaa ndani yake, linaloingizwa mdomoni. Wapo wagonjwa ambao mpira wa kawaida, unaoishia kwenye mfuko wa chakula, hauwasaidii: mwenye kongosho lililovimba anayetapika kila anacholishwa, au aliyezibwa na uvimbe pale chakula kinapotokea kwenda utumbo mwembamba. Kwao ncha ya mpira sharti ifike jejunamu, sehemu ya pili ya utumbo mwembamba.

Mgeni Rasmi, kuufikisha tunaweza. Taabu ni kuuacha huko. Unafunga kitanzi cha uzi kwenye ncha, unakishika kwa koleo la kamera, unauvuta mpira hadi chini. Ukirudisha kamera, nao unaifuata kama mtoto aliyeng'ang'ania kanga ya mama. Juzi ulitutoka mara tatu, tena kwenye sanamu ya mazoezi! Dawa yake ni klipu ndogo ya kubana kile kitanzi kwenye ukuta wa utumbo, ndipo kamera itoke peke yake.

Njia nyingine ni ya waya. Waya unapitishwa ndani ya kamera hadi jejunamu, kisha daktari anarudisha kamera huku msaidizi akisukuma waya kwa kipimo kilekile. Waya ukibaki mdomoni, unahamishiwa puani, na mpira unateleza juu yake. Huyo msaidizi ni muuguzi, ingawa pongezi huenda kwa daktari.

Changamoto hatuwezi kuzificha. Klipu zimekwisha. Eksirei ya kuthibitisha ncha iko jengo la pili, na mwezi uliopita mpira ulichomoka tukiwa njiani na kitanda. Wodini nako, jejunamu haina nafasi ya kutunza chakula kama mfuko wa chakula, hivyo kiingie polepole kwa pampu. Pampu tunayo moja. Ndugu wa mgonjwa wakiona tumekawia, humimina uji mzito kwa bomba la sindano. Mgonjwa anaharisha, mpira unaziba, tunaanza upya.

Tunaomba klipu na waya ziingie kwenye oda ya robo ijayo, pampu mbili, na eksirei ya magurudumu.

Tunaomba kuwasilisha.