Zote zimeandikwa "Silvertip", kwa nini bei hazifanani?

Dukani kwetu Kariakoo, swali hili halipiti wiki bila kuulizwa. Mteja anashika brashi mbili za kunyolea, moja mkono huu, nyingine mkono ule, boksi zote zinasema nywele za beja daraja la "Silvertip", lakini moja bei yake ni mara tatu ya mwenzake. Anatutazama kama mtu anayeogopa kutapeliwa. Ana haki ya kuuliza, na jibu halipo kwenye boksi.

Beja huyu si nyegere wetu anayevunja mizinga ya asali. Ni mnyama mwingine wa Ulaya na Asia, na nywele nyingi za brashi zinatoka China. Kwa kawaida utakutana na madaraja manne: "Pure", "Best", "Super" na "Silvertip", kuanzia nywele nene zenye rangi iliyokolea hadi laini zenye ncha nyeupe. Tatizo ni kwamba hakuna chombo cha kimataifa kinachopima madaraja hayo. Kila kiwanda kinajiandikia. "Best" ya mmoja inaweza kuwa bora kuliko "Silvertip" ya mwingine, na tumeshaziona za namna hiyo.

Basi achana na maandishi, shika brashi yenyewe. Ipeleke mlangoni kwenye mwanga, utazame ncha. Unywele wa beja ambao haujakatwa unaanza mwembamba, unanenepa katikati, halafu unachongoka taratibu hadi mwisho. Fundi mzuri anapata umbo la duara la juu kwa kuzipanga nywele ndani ya kikombe maalumu kabla ya kuzifunga, hakati kitu juu. Fundi mwenye haraka anazifunga ovyo, kisha anazisawazisha kwa mkasi. Hapo ncha zinabaki butu, na ukizigusisha shavuni zinachoma kama miiba. Ndiyo hiyo brashi ya bei chee. Nyingine hupaushwa kwa dawa ili ncha zionekane nyeupe. Weupe wa asili huingia kwenye weusi polepole, haukatiki ghafla kama uliochorwa kwa rula.

Jambo la pili ni ukakamavu, na hapa wengi wanajichanganya. Ulaini wa ncha ni kitu kimoja, ukakamavu wa shina ni kingine. Brashi inaweza kuwa laini juu na bado ikasimama imara ukiikandamiza, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo ya kununua. Ukakamavu unatokana na wingi wa nywele kwenye fundo, yaani kile kishada cha nywele kilichofungwa, na urefu wa nywele hizo kutoka kwenye mpini. Fundo la kawaida lina kipenyo cha milimita 20 hadi 26. Ukichukua mbili zenye kipenyo na nywele za aina moja, yenye nywele fupi ndiyo itakayokaza. Wale wanaotengeneza povu usoni moja kwa moja wanahitaji inayokaza. Anayekorogea povu kwenye bakuli anaweza kuchukua hata ile inayolegea kidogo, hana hasara.

Ikiwa kavu, brashi inadanganya. Ndiyo maana tunaweka bakuli la maji ya uvuguvugu kaunta. Loweka ile ya maonyesho dakika moja, kung'uta, zungusha shavuni. Nzuri itakaa na maji, itayatoa kidogo kidogo, hutasikia mikwaruzo. Kama una vipele vya ndevu, usisugue kwa nguvu hata kama brashi ni ya kifalme; zungusha taratibu, povu lilainishe nywele.

Neno kuhusu maji yetu. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji magumu yanakataa kutoa povu. Wateja wanarudi wakilalamikia brashi wakati mkosaji ni maji. Jaribu na ya chupa kabla hujairudisha.

Harufu ya mnyama siku za mwanzo ni ya kawaida, inaondoka kwa kuosha na sabuni. Nywele chache kung'oka mwanzoni pia si shida. Zikiendelea kutoka kila siku, gundi imeachia, tuletee. Na tafadhali, usiitie kwenye maji yanayochemka: nywele zinakakamaa na gundi inalegea. Ukimaliza, suuza, kung'uta, iache mahali penye hewa. Kwa joto na unyevu wa mji huu, ukiifungia kabatini ikiwa mbichi itaota ukungu.

Wengi wanauliza kama ni nywele za nguruwe. Brashi za nguruwe zipo sokoni na ni za bei nafuu, sisi hatuziweki. Kuhusu nywele za wanyama wengine, muulize shekhe wako, maana sisi tunauza brashi, hatutoi fatwa. Asiyetaka mnyama kabisa tunampa ya nyuzi za kutengenezwa, na za siku hizi ni laini kweli, zinakauka haraka.

Vinyozi ndugu zetu nao tunawashauri hizo za nyuzi. Brashi ya beja huwezi kuichemsha kati ya mteja na mteja, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza watu Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za nywele za farasi, baadhi zikiwa zimetiwa rangi zifanane na za beja. Beja ni ya mtu mmoja, nyumbani kwake. Ukija kujaribu, njoo na sabuni unayotumia kila siku, na uchague kabla hatujakufungulia boksi, kwa sababu iliyokwisha kugusa uso wako haturudishi rafuni.